Mama aliuliza nilisema nini: tunasoma insha za Ngũgĩ hapa Nyawera



Siku nilipotetea memwari yangu, mama alivaa kitenge kipya, akakaa kwenye benchi ya nyuma pamoja na mashangazi wawili. Niliongea kwa Kifaransa dakika ishirini. Juri wakauliza, nikajibu. Walipotoa pointi, vigelegele vikapigwa, tukarudi nyumbani Nyawera, tukala wali na sambaza, fanta zikafunguliwa. Jioni, wageni wameisha kwenda, mama akanigeukia: "Sasa ile bintu byote ulikuwa unasema pale, ni nini?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta neno la kwanza, sikulipata.

Memwari yangu ilikuwa juu ya likelemba ya wanawake wauzaji wa soko. Mama ni muuzaji wa soko. Amecheza likelemba tangu kabla sijazaliwa. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka mule mule. Niliandika kurasa sabini juu ya maisha yake, na sikuweza kumueleza hata ukurasa mmoja. Nikamwambia tu, "Ni mambo ya masomo, mama." Akacheka, akaenda kuosha masahani.

Nimeanza na hii habari juu wengi wenu mumeniuliza kwa nini sisi, watu kumi na moja wenye diploma na bila kazi, tunakaa kila Jumamosi nyuma ya fotokopi moja hapa Nyawera na kitabu kimoja cha insha. Kitabu ni cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa Kiingereza kinaitwa *Decolonising the Mind*, kilitoka 1986. Kwa Kifaransa ni *Décoloniser l'esprit*, kilichapishwa na La Fabrique ya Paris mwaka 2011. Fanyeni hesabu: kilichukua miaka 25 kufika katika lugha ya shule yetu, na mwandishi alikuwa jirani, Kenya pale. Sisi tuna nakala moja ya karatasi. Tunaizungusha kwa zamu, kila mtu siku nne, na anayeipaka mafuta ya beignet analipa faini ya franga mia tano.

Ngũgĩ alizaliwa 1938 Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, na alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Tuseme ukweli: wengi wetu tulimfahamu siku ile, wakati status zilijaa picha yake. Si dhambi. Lakini kuweka picha ya mtu si kumsoma, na insha zake hazisomwi sawa vile tunasoma silabusi. Ndipo nataka kuwaelezea kidogo.

Memwari inajificha. Haisemi "mimi", inasema "sisi", hata kama ulikuwa peke yako usiku, kura imekatika, na kompyuta ni ya kukopa. Inaanza na dhana, inaenda kwa mbinu, inafika kwa matokeo, na kila kitu kimefungwa kamba. Insha haifanyi vile. Insha inasema "mimi niliona", "mimi nilikosea", inaruka kutoka hadithi ya utotoni hadi mkutano wa Berlin wa 1884, halafu inarudi kwa mzee fulani wa kijiji. Dada mmoja wetu, mtu wa sheria, alikasirika Jumamosi ya kwanza: "Huyu hana mpango! Kifungu cha kwanza kiko wapi?" Tulimuelewa. Miaka mitano tumefundishwa kwamba maandishi yenye akili ni yale yasiyo na mtu ndani yake.

Tena, mkusanyiko wa insha si riwaya. Hizi za Ngũgĩ ni nne, na zilikuwa kwanza maneno ya kusemwa mbele ya watu: mihadhara aliyotoa Auckland, New Zealand, mwaka 1984. Kwa hiyo utakuta anarudia. Ukiona amesema jambo moja mara tatu, usifikiri amesahau. Alikuwa anaongea na watu walio mbali sana na Limuru. Unaweza kuanza na ya pili ukirudi kwa ya kwanza. Mimi nilianza na ya tatu kwa sababu ndiyo ilikuwa fupi kwa fotokopi.

Jambo ambalo lilitusaidia zaidi ni kuuliza, kila tukifungua insha: huyu anagombana na nani? Mwandishi wa insha za utamaduni hana kawaida ya kusema peke yake porini. Kuna mtu amesema jambo, naye hakulala usiku. Ukimpata yule mtu, umeshika mlango.

Katika insha ya kwanza, ugomvi ulianza Makerere, Uganda, Juni 1962. Waandishi Waafrika "wa usemi wa Kiingereza" waliitwa kwenye mkutano. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Okigbo alikuwepo. Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi tu, na hadithi fupi mbili zilizochapishwa zilitosha kumuingiza. Lakini Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi na vitabu kwa Kiswahili miaka na miaka, hakuwa na nafasi, kwa sababu jina lenyewe la mkutano lilimfungia mlango. Ngũgĩ anaiona hiyo baadaye kabisa, na anajiona yeye mwenyewe akiwa amekaa ndani. Nitaongeza jambo moja: Shaaban Robert alifariki mwezi uleule wa Juni 1962. Wakati vijana wanajadili fasihi ya Afrika ni nini, mzee wa lugha alikuwa anaaga dunia kule Tanganyika.

Achebe ndiye mpinzani mkubwa mule ndani. Mwaka 1964 alieleza kwamba Kiingereza amepewa na atakitumia, akikipinda ili kibebe mambo ya kwao. Ngũgĩ anamheshimu, na bado anamuuliza swali gumu: kwa nini sisi ndio tunahangaika kutajirisha lugha za wengine, na hakuna anayeuliza nani atatajirisha za kwetu? Hapo msikimbilie kuchagua timu. Kwetu nusu walikuwa na Achebe, na walikuwa na sababu. Mtu mmoja aliuliza: "Kama Achebe angeandika Kiigbo tu, mimi wa Bukavu ningemsoma wapi?" Hakuna aliyemjibu vizuri.

Halafu inakuja ile sehemu ya shule. Ngũgĩ anaeleza kwamba mtoto aliyekamatwa akisema Kigĩkũyũ karibu na shule alichapwa, ao alivalishwa bamba la chuma lenye maneno ya kumdharau, ao alilipishwa faini ambayo wazazi hawakuwa nayo. Na walikamatwaje? Kifungo kilipewa mtoto mmoja asubuhi, naye akampa yeyote aliyemsikia anasema lugha ya nyumbani, na yule akampa mwingine. Jioni aliye nacho anataja aliyempa, na mlolongo mzima unajulikana. Watoto walifundishwa kuwindana.

Tuliposoma hapo, chumba kilinyamaza, halafu watu wote wakaanza kusema mara moja. Juu ile kitu tunaijua. Shule yangu ya primaire (siitaji jina, walimu wengine bado wako hai na walinifundisha vizuri mambo mengine) ilikuwa na kipande cha mti chenye kamba, tulikiita sembole. Ukisema Kiswahili mu recreation, unakivaa shingoni. Mimi nilikivaa, na tena nilikivalisha wengine. Nakumbuka furaha ya kumsikia mwenzangu amesema "nipe mupira", na mimi kumkimbilia. Ngũgĩ anasema juu ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Sembole yetu ilikuwa miaka ya 2000, chini ya walimu wa kwetu, wenye kusema Kiswahili wao wenyewe wakienda kununua unga.

Kuna pia hadithi ya kijana wa darasa lake aliyepata alama za juu masomo yote, akaanguka Kiingereza, na akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe hakuwa na alama kubwa vile, lakini Kiingereza alipita, na mlango wa Alliance High School ukafunguka. Anaiweka kwa mistari michache tu. Someni ile mistari polepole, kwa sababu insha nzima iko pale: lugha si mapambo, ni mlango, na kuna mtu ameshika ufunguo.

Insha ya pili ndiyo naipenda kuliko zote, na naomba mniruhusu nikae hapo. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ alibisha hodi kwa Ngũgĩ, wakati huo prof wa chuo kikuu cha Nairobi. Alimuomba masomo yake yarudi kidogo kijijini. Akarudi tena na tena mpaka Ngũgĩ akakubali. Pakawa kituo cha watu wazima cha kujifunza kusoma na kuandika, na baadaye wakaamua kufanya tamthilia. Ngũgĩ na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika *Ngaahika Ndeenda*, yaani *Nitaolewa Nikipenda*, kwa Kigĩkũyũ. Ni habari ya Kĩgũũnda, maskini mwenye ekari moja na nusu, ambaye anashawishiwa na tajiri kukopa benki ili afunge ndoa kubwa ya kanisa, na shamba linaenda. (Mwenye kumaliza kulipa madeni ya harusi yake hapa Bukavu ainue mkono. Tuendelee.)

Jambo la ajabu si tamthilia peke yake. Ni namna ilivyotengenezwa. Mazoezi yalifanywa peupe, kila mtu akitazama. Wakulima na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walisikiliza, wakakatiza: mzee haongei vile, mwanamke wa umri huu hawezi kutumia neno lile, wimbo huu tuliuimba namna nyingine. Prof, mwandishi anayejulikana dunia nzima, akarekebishwa Kigĩkũyũ chake na watu ambao hawakumaliza shule. Na alikubali, akaandika upya. Walijenga ukumbi wao wenyewe, wa wazi, kwa mikono yao.

Tamthilia ilifunguliwa Oktoba 1977. Novemba leseni ikaondolewa. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa Kamiti mwaka mzima bila kesi. Jiulizeni: alikuwa ameisha kuandika riwaya kwa Kiingereza zenye kukosoa serikali, na *Petals of Blood* ilitoka mwaka uleule wa 1977. Ile haikumfunga. Kilichomfunga ni kusema mambo yaleyale katika lugha ambayo mama wa kijiji anasikia. Mwaka 1982 kundi lilipojaribu tamthilia nyingine, ruhusa haikutoka, na ule ukumbi ukabomolewa na polisi.

Huo ndio ushahidi wake mkubwa, na si wa kitabuni. Kama lugha ni chombo tu, kama ni sawasawa useme kwa ipi, kwa nini watume magari ya polisi kubomoa mbao?

Insha ya tatu inaendelea kutoka Kamiti. Ndani ya gereza Ngũgĩ aliandika riwaya ya kwanza ya kwake kwa Kigĩkũyũ, *Caitaani Mũtharaba-Inĩ*, juu ya karatasi za choo. Anasema zilikuwa ngumu, si za kufuta vizuri, lakini kalamu ilizipenda. Ilitoka 1980 na ikabidi ichapishwe tena mwaka uleule. Kwa Kiswahili tunayo kama *Shetani Msalabani*. Na watu waliisoma vipi? Familia zilikusanyika, mmoja akasoma kwa sauti. Ilisomwa mu matatu. Ilisomwa mu baa: mtu anasoma, anafika mahali pa utamu, anasimama, anaweka kitabu chini mpaka mtu amjazie glasi.

Hapo ndipo sisi tulijifunza namna ya kusoma kitabu chenyewe. Tulikuwa tunakisoma kila mtu kimya nyumbani, tunakuja Jumamosi kutoa hotuba za Kifaransa. Tukabadilisha. Sasa mmoja anasoma aya kwa Kifaransa, kwa sauti, na mwenzake anaisema kwa Kiswahili cha hapa hapa, papo kwa papo, bila kuandika. Wote tunaruhusiwa kukatiza. Ni kazi ngumu! Tulikaa nusu saa juu ya neno moja, "aliénation". Mmoja akasema ni "kutengwa", mwingine "kupotea". Kijana wa mwaka wa pili, mdogo kuliko wote, akasema: "Ni wakati unakaa mu nyumba yako kama mugeni." Tukaandika hiyo. Glasi hatuna, tuna mandazi.

Insha ya nne nitaipita haraka. Inahusu mwaka 1968, wakati Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe na mahali pake pawekwe fasihi yenye Afrika katikati, masimulizi ya mdomo yakiwemo. Ni muhimu kwa wale wa masomo ya lugha na barua. Wengine mtaona ni mabishano ya walimu, na si kosa lenu lote.

Sasa, mahali tuligombana naye. Msomaji wa insha anayemaliza bila kugombana hakusoma, alihudhuria tu.

Ngũgĩ anapanga vitu pande mbili: lugha za Ulaya upande huu, lugha za Afrika upande ule. Mwanzoni mwa kitabu anatangaza kuaga Kiingereza katika kuandika kwake. Kuanzia hapo ni Kigĩkũyũ na Kiswahili. Kiswahili anakipenda, anakiona kama lugha ya kuunganisha. Lakini tazameni kutoka hapa Nyawera. Mu darasa, Kifaransa kinapiga Kiswahili. Sawa. Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Lakini Mashi iko wapi? Kilega? Kihavu? Kifuliiru? Hizo hazina hata mstari kwa majina yao. Na nyumbani kwetu si Kifaransa kilichoua Mashi. Ni Kiswahili. Polepole, bila fimbo, bila sembole. Wazazi walikutana mjini, baba wa upande huu, mama wa upande ule, majirani wa kila mahali, watoto wakashika ile ya barabarani.

Mwaka jana tulienda matanga ya koko yangu, upande wa Walungu. Mzee mmoja alisimama akaeleza maisha yake, dakika nyingi, watu wakilia na kucheka. Mimi, mjukuu wa kwanza mwenye diploma, nilikuwa nimekaa mbele na suti, na binamu yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa ananitafsiria masikioni. Walipocheka, mimi nilicheka nyuma yao kidogo, kama simu ya mtandao mbaya. Kwa Mashi najua salamu, chakula, na matusi mawili. Kwa hiyo nikisoma Ngũgĩ anasema lugha ni ghala la kumbukumbu za watu, namuamini. Ghala la koko lilifungwa mbele yangu. Lakini mlinzi wa mlango alikuwa ni Kiswahili, lugha hii hii ninayoandikia.

Na Kiswahili nacho hakikufika Kivu kwa kuruka kama ndege. Kilikuja katika karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara wa pwani kupitia Maniema, biashara ya pembe na ya watu ikiwa ndani yake. Halafu wamisionari na wakoloni wakakichukua kwa sababu kilikuwa rahisi kwao. Hii haifanyi Kiswahili kuwa lugha mbaya. Ni yetu, tunalia nayo na tunachumbia nayo. Lakini inafanya ile mistari miwili ya Ngũgĩ isitoshe. Dada wa sheria aliisema vizuri: "Kwake kuna fimbo moja. Kwetu kuna ngazi, na kila mtu anamkanyaga wa chini yake."

Kuna jambo la pili. Wazee wetu walisikia maneno ya kurudi kwa utamaduni kabla ya kitabu hiki. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaïre. 1972 majina ya Kikristo yakaondolewa, Joseph akawa mtu mwingine. Iliitwa authenticité. Koti la abacost lilivaliwa, ngoma zilipigwa, na mtihani wa serikali ukabaki kwa Kifaransa. Ukisema "tuondoe ukoloni akilini" mbele ya baba yangu, anakuangalia kama mtu anayemuuzia redio aliyoisha kuinunua na ikaharibika. Hapo Ngũgĩ anajitetea kidogo: yeye hakutumwa na serikali, alifungwa na serikali. Tofauti ni kubwa. Bado swali la baba linasimama.

Ndiyo maana tumeamua tukimaliza Ngũgĩ tuchukue mtu wa kwetu, V. Y. Mudimbe. Alizaliwa Likasi 1941, alifundisha Lubumbashi, akaondoka Zaïre karibu na mwaka 1980 Mobutu alipotaka kumuingiza katika chama, na akafariki Marekani Aprili 2025, wiki chache tu mbele ya Ngũgĩ. Hapa kwetu wangapi waliweka picha yake? Insha zake za *L'Odeur du père*, za mwaka 1982, zinauliza jambo ambalo linamsumbua Ngũgĩ pia: je, hata tukikataa Ulaya, hatuikatai kwa vyombo vyake? Baba ameondoka nyumbani, harufu yake bado iko kwenye mapazia. Mudimbe ni mgumu, niwaonye mapema. Hana mwanamke anayebisha hodi, hana baa. Ana Foucault na Kilatini. Aliandika Kifaransa na Kiingereza maisha yake yote, na hakuomba msamaha. Ukimweka karibu na Ngũgĩ mezani, hawatasalimiana haraka, lakini utasikia mazungumzo.

Na Ngũgĩ mwenyewe? Kumbukumbu zake za utotoni, *Dreams in a Time of War*, zilitoka 2010 kwa Kiingereza. Mmoja wetu alipiga meza: "Muongo!" Mimi sikuona vile. Riwaya zake alizibakiza kwa Kigĩkũyũ, *Mũrogi wa Kagogo* ni kubwa kama tofali. Mtu aliyefukuzwa kwao, anayefundisha California, anaandika kwa lugha ya wale walio mbele yake. Kama hilo ni kosa, basi na mimi nianze kuhesabu mangapi nimeandika kwa Kifaransa wiki hii, nikitafuta kazi.

Zamu yangu ya kitabu iliisha Jumanne. Usiku ule, kabla sijakirudisha, nilimwita mama jikoni. Alikuwa anachagua maharagwe. Nikamwambia: mama, ile swali uliniuliza siku ya memwari, nataka kujibu. Nilikuwa nimejitayarisha, karatasi moja, Kiswahili tupu, maneno nimeyapima. Nikaanza: wanawake wa soko wanatoa franga kila wiki, wanapiga kura nani atakula wa kwanza, na kwa sababu ya ile kura kila mtu ana nafasi sawa…

Akasimamisha mkono juu ya maharagwe.

"Kura gani?"

Nikasema, ile kura, mama, vikaratasi. Nilihoji wanawake thelathini na nane, wote walisema kura.

"Ile ni ya kuonyesha tu. Mwenye mtoto mgonjwa tunamupa wa kwanza. Yule hatujamujua vizuri, tunamuweka wa mwisho, juu asikimbie. Halafu tunasema ni kura, ili mutu asisikie haya." Akaendelea kuchagua. "Walikwambia kura juu uliuliza na kalamu mu mukono."

Ilikuwa sura ya tatu yote, kurasa kumi na tisa, na juri walikuwa wameisifia. Nikakaa chini kwenye kijiti, nikavuta ungo upande wangu, nikamwambia aanze mwanzo.